Kijiwe cha kahawa Mikindani, Mtwara: kahawa kali, benchi bovu, ubishi wa Mungu wa kiwango cha juu

Naanza na kahawa maana najua wengine mkishajua bei mnasepa. Kahawa iko vizuri sana, ile chungu ya kwenye dele, inakaa juu ya mkaa muda wote, tangawizi imo ila haijazidi, kikombe mia mbili na ukitaka kuongezewa unagonga tu kikombe mzee anakuja. Kashata za karanga za kawaida, siku nyingine zimelala, za nazi ndo nzuri ila zinawahi kuisha. Pembeni kuna jamaa wa pweza anakukatia vipande na pilipili na ndimu, huyo si wa kijiwe lakini bila yeye sijui watu wangekaa mpaka saa nne usiku kwa nguvu gani. Viti hovyo. Benchi mbili za mbao, moja imelegea mguu, na baraza la saruji ambalo ukikalia saa zima unainuka miguu imekufa ganzi, taa moja ya sola, na mbu wa Mikindani mnawajua wenyewe.

Sasa huku kusini vijiwe vya kahawa vimejaa, Mtwara mjini, Lindi, Masasi, Newala, kote watu wanabishana Simba na Yanga na bei ya korosho. Hiki nakiandikia kwa sababu kuna jioni wanabishana Mungu yupo au hayupo na wanabishana kwa utaratibu, yani si ule ubishi wa kutoa mishipa ya shingo mpaka mtu anaitwa kafiri mbele za watu. Na msishtuke, hamna mtu pale anayejitangaza hana dini. Upande wa "hayupo" unabebwa kwa zamu. Kuna Maalim mmoja wa madrasa, zamu yake ikifika anasema astaghfirullah, anakunywa funda moja, alafu anaingia kazini, na niwaambie ukweli huyo ndo mkali kuliko wote akiwa upande huo, maana anajua wapi wenzake wanajificha. Kuna mzee mstaafu aliyekua anafundisha fizikia, kuna mwinjilisti anakuja na pikipiki toka mjini, kuna vijana wa boti, na kuna dada anafundisha hesabu sekondari ambaye ntamrudia. Adhana ya Isha ikilia mjadala unasimama, wengi wanaenda msikitini na mwinjilisti anaachiwa kulinda viti na kashata za watu.

Sheria ya pale ndo inayokipa kijiwe hadhi. Huruhusiwi kusema "maelezo yangu yanalielezea jambo hili" ukaishia hapo. Ukileta jambo kama ushahidi lazima useme pia, je mwenzako angekua sahihi, jambo hilo tungelitegemea, yani tungelitarajia, kwa kiasi gani? Kama mnalitegemea sawasawa wote wawili basi umeleta stori, hujaleta ushahidi. Walinielewesha kwa mikorosho na nikaelewa hapo hapo, maana kwetu wote tumekulia kwenye mikorosho. Maua yamekauka. Wewe unasema ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, jirani anasema mbu wa mikorosho, wale wadudu wafyonzaji. Kukauka kwa maua peke yake hakuamui kitu, maana yote mawili yanakausha. Ila ukikuta unga mweupe kwenye maua, huo maelezo ya ubwiriunga yanautegemea na maelezo ya mbu hayautegemei, ukikuta vidonda vyeusi kwenye machipukizi machanga mambo yanageuka. Na ukikosea hapo sio maneno tu, unapuliza salfa, dawa ya ubwiriunga, kwenye shamba lenye mbu, salfa yenyewe bei yake mnaijua, na mbu wanaendelea na kazi yao.

Dada wa hesabu ndo akaipa namba. Anasema kanuni yenyewe ilitoka kwa mchungaji wa Uingereza anaitwa Thomas Bayes, alifariki 1761 na andiko lake likachapishwa 1763 na rafiki yake Richard Price ambaye naye alikua mchungaji, mwinjilisti aliposikia hivo alicheka karibu amwage kahawa. Inaenda hivi. Kabla ya ushahidi unaweka bei ya kuanzia, tuseme unaona maelezo yako yana nafasi moja kwa kumi za mwenzako. Ukileta jambo ambalo wewe unalitegemea mara tano kuliko yeye, unazidisha, inakua tano kwa kumi. Umesogea sana lakini bado unadaiwa. Watu wengi wakileta kitu kimoja kizuri wanadhani wameshamaliza mchezo, kumbe hawajauliza walianzia wapi.

Siku ya kwanza kukaa pale moto ulikua kimbunga Kenneth. Wa Mtwara mnakumbuka Aprili 2019, mamlaka ya hali ya hewa imetangaza kimbunga kinakuja, watu wameambiwa watafute sehemu salama, mji mzima tumbo joto, misikitini dua makanisani maombi. Tarehe 25 kimbunga kikaingia Cabo Delgado kule Msumbiji, sisi tukapata upepo na mvua ya kawaida tu. Kijana mmoja wa boti akaanza, dua zimekigeuza kile, nani abishe? Na mi kimoyomoyo nikasema nani abishe kweli.

Zamu ya upande wa pili ilikua ya Maalim. Akauliza taratibu tu, mwanangu, ng'ambo ya Ruvuma hawakuomba? Maana kule ni Waislam na Wakristo kama sisi, lugha na ukoo tunaingiliana, Wamakonde wako huku na huku, na wamekufa zaidi ya watu arobaini. Kama dua inageuza kimbunga tungetegemea kisitue popote penye waombaji. Mzee wa fizikia akaongezea kwamba vimbunga vinasukumwa na upepo mkubwa wa juu, na kadri unavyokaribia ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayovifanya vizunguke inapungua, kwa hiyo sisi wa nyuzi kumi kusini tuko ukingoni, vingi vinapita chini yetu hata tusipoomba. Alafu akakumbusha Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi kweli na nyumba zikalala, na Lindi ya 1952 haikua na upungufu wa misikiti.

Kijana akajibu vizuri kuliko nilivyotegemea, akasema Mungu hajaahidi kugeuza kila kimbunga, anajua mwenyewe lipi la heri. Maalim akasema sawa kabisa, na hiyo ndo itikadi sahihi. Ila sasa sikiliza, kama kikija ni heri yake na kisipokuja ni heri yake, basi Kenneth kuenda Msumbiji hakukupi hata senti moja kwenye ubishi huu, na pia hakukunyang'anyi. Ondoa mezani. Yani hoja haikupingwa, iliondolewa tu mezani. Na iliondolewa na Maalim wa madrasa, niliipenda sana hiyo.

Jicho walilipita haraka kidogo ila pweza alisaidia. Mnaijua ile hoja ya zamani, mchungaji wa Uingereza William Paley aliiandika 1802, ukiokota saa njiani hutasema imejitengeneza, na jicho limeundwa kifundi zaidi kuliko saa, basi nalo lina fundi wake. Mwinjilisti aliitetea kwa hamasa mpaka mzee wa fizikia akamuomba jamaa wa pweza atuletee kichwa. Jicho la binadamu nyaya zake zinapita mbele ya sehemu inayopokea mwanga, zinapotoka kurudi kwenye ubongo zinaacha doa ambalo halioni. Samaki, ndege, ng'ombe, wote wenye uti wa mgongo wana doa hilo. Pweza nyaya zake ziko nyuma, hana doa. Sasa maelezo ya Darwin ya 1859 ya kurithi toka kwa mababu yanalitegemea jambo kama hili, ukoo mmoja wote unarithi kasoro ileile na ukoo mwingine haunayo. Maelezo ya fundi aliyechora kila jicho peke yake hayalikatai, ila hayakulitegemea. Mwinjilisti hakua mjinga, akasema hata Asa Gray, mtaalam wa mimea wa Marekani aliyekua rafiki wa Darwin na muumini mzuri tu, aliona Mungu anaweza kufanya kazi kupitia huo huo urithi. Wakamwambia karibu sana, ila hapo umeshahama, hutetei tena jicho, unatetea sheria zenyewe za maumbile. Twende huko basi.

Kabla hawajaenda huko kijana mmoja akatupa lile la kawaida, "mbona Mungu hajaonekana?" Hili walilimaliza kwa Tendaguru, na kwa mtu wa Lindi hii ni fahari. Ile mifupa ya dinosaria iliyochimbwa pale na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikabebwa kwa miguu na wapagazi wetu mpaka bandari ya Lindi, mmoja wa wanyama wale leo amesimamishwa makumbusho ya Berlin, kwenda juu anapita mita 13. Nani alimuona akitembea? Hakuna, ni miaka kama milioni 150 iliyopita. Lakini hamna maelezo mengine ya maana ya ile mifupa zaidi ya kwamba kulikua na mnyama. Kwa hiyo kutoonekana peke yake si hoja. Ila Maalim, bado yuko zamu ya upande wa pili, akatoa ile ya David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti aliyefariki 1776 na kitabu chake cha mazungumzo kuhusu dini kikatoka 1779: mfupa tunajua unatoka kwa mnyama kwa sababu tumeona mifupa na wanyama mara elfu. Ulimwengu tumeona mmoja tu, hatujaona ulimwengu ukitengenezwa popote, sasa unajuaje vitu vya aina hii huwa vinatoka wapi? Palikua kimya kidogo pale, watu wakaagiza kahawa.

Ya mwanzo wa ulimwengu, hapo Waislam wa kijiwe wanajidai na wana haki, maana Imam Ghazali aliyefariki 1111 ndo anatajwa mpaka vyuo vya Ulaya na Marekani: kila kilichoanza kina kilichokianzisha, ulimwengu umeanza, basi. Mzee wa fizikia akaeleza stori ya Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyeandika 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na 1931 akasema ulianzia kwenye kitu kama atomu moja ya mwanzo. Wapinzani wake akina Fred Hoyle, mtaalam wa nyota wa Uingereza, toka 1948 walikua na maelezo mengine, kwamba ulimwengu uko hivi siku zote na vitu vipya vinaendelea kuumbika taratibu. Maelezo mawili, ushahidi haujafika. Alafu miaka ya 1964 na 65 jamaa wawili New Jersey, Penzias na Wilson, antena yao inapiga mlio hafifu upande wowote wanaouelekeza. Wakatafuta sababu kila sehemu, wakakuta njiwa wamejenga ndani, wakawaondoa na wakasugua kinyesi chote. Mlio uko palepale. Kumbe ni mabaki ya joto la ule mwanzo, upande wa Lemaître ulikua unayategemea na upande wa Hoyle haukuyategemea, mchezo ukaisha na 1978 jamaa wakapata Nobeli. Hii ndo mizania inavyotakiwa ifanyike, na napenda ilivyo wazi kwamba kinyesi cha njiwa nacho kilikua maelezo halali mpaka kiliposafishwa.

Ila mzee hakuishia hapo. Papa Pius XII mwaka 1951 alipoitumia sayansi hiyo kama ushahidi wa uumbaji, Lemaître mwenyewe, padri, hakufurahi. Maana hiyo nadharia inaeleza ulimwengu ulivyotanuka toka hali ya joto na msongamano mkubwa miaka bilioni 13.8 iliyopita, haisemi kabla ya hapo kulikua na nini au hakukua na kitu. Kwa hiyo Ghazali bado yuko mchezoni lakini hajapewa goli la bure. Hapa nilitamani mtu aseme zaidi, wakahama, na nadhani walihama kwa sababu pweza aliletwa.

Haya sasa uhondo wenyewe. Hoja ya namba za ulimwengu. Kwamba nguvu na viwango vya maumbile vimekaa mahali ambapo vingesogea kidogo tu hamna nyota, hamna kaboni ya kujengea viumbe, hamna sisi. Mfano uliotolewa ulikua mzuri: Hoyle huyohuyo, ambaye wala hakua mtu wa dini, mwaka 1953 alisema lazima kiini cha kaboni kiwe na hali fulani ya nishati, kama 7.65 kwa kipimo chao, la sivyo nyota zisingeweza kutengeneza kaboni ya kutosha. Wataalam wa maabara ya California wakaenda kupima wakaikuta. Na ile nguvu inayosukuma ulimwengu utanuke, makadirio ya kawaida ya wanafizikia yanaipa ukubwa unaopita uliopimwa kwa namba yenye sifuri kama 120. Mwinjilisti akamtaja Richard Swinburne, mwanafalsafa wa Oxford ambaye toka 1979 anaipigia hesabu hoja hii kwa kanuni hiyohiyo ya Bayes: kama Mungu yupo na ni mwema, ulimwengu wenye viumbe wa kufikiri unategemewa. Kama hamna kitu nyuma yake, hautegemewi kabisa. Zidisha.

Upande wa pili safari hii ulikua wa mzee wa fizikia, akaleta ulimwengu mwingi. Kama kuna ulimwengu usiohesabika, kila mmoja na namba zake, mmoja utapatia na sisi lazima tujikute kwenye huo huo maana kwingine hamna wa kujikuta. Ubishi ukawa bei ya kuanzia. Mwinjilisti: unalipa ulimwengu trilioni na trilioni kumkimbia Mungu mmoja tu? Mzee: huyo mmoja wako anajua kila kitu na anaweza kila kitu, unamuita rahisi? Maalim, zamu imeisha karudi kwake, akasema kwetu Mungu hana sehemu sehemu, ni mmoja kweli kweli, kitu kisicho na sehemu ndo rahisi kuliko vyote. Mzee akarudisha, kisicho na sehemu kinakuaje na mpango wenye vipengele vyote hivyo mpaka nishati ya kaboni? Hawakuelewana hapo na mi siwalaumu.

Dada wa hesabu, ambaye muda wote amesimama kwa sababu wanaume wa lile benchi hawasogei hata iweje (hili ni doa kubwa la kijiwe na nalisema wazi, mzee wa kahawa alione, wateja wako wa kike wanasimama), akauliza swali moja. Kusema namba hizi ni za bahati ndogo lazima ujue zingeweza kuwa ngapi, toka wapi mpaka wapi. Nani amewapa huo mpaka? Mkisema zingeweza kuwa namba yoyote mpaka milele, uwezekano wenyewe haugawanyiki, hesabu inakataa. Akanyamaza akanywa kahawa yake.

Alafu yakaja mateso, na hapa ndo kijiwe kilinimaliza. Mzee akaanza na zilzala, yani tetemeko la ardhi, ya Lisbon kule Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya watakatifu wote, watu wako makanisani wakaangukiwa na makanisa. Akaendelea na hoja ya Paul Draper, mwanafalsafa wa Marekani, ya mwaka 1989, ambayo kwa sheria ya kijiwe imekaa vizuri sana: usiulize tu "kwa nini kuna maumivu", angalia maumivu yamepangwaje. Yanafuata kazi ya mwili kubaki hai na kuzaa, yanauma sana panapohitajika kukimbia hatari, na hayakomi hata pale ambapo hayasaidii tena, mgonjwa wa kansa wa siku za mwisho anaumia bila faida yoyote. Kama aliye nyuma ya ulimwengu hajali wala hachukii, mpangilio huu unategemewa. Kama ni mwema asiyeshindwa kitu, hautegemewi sana.

Maalim akajibu kwa Suratul Kahf ya kwenye Qurani. Nabii Musa anasafiri na Khidhri, mja aliyepewa kujua yaliyofichika, Khidhri anatoboa jahazi la maskini, Musa anang'aka. Kumbe nyuma kuna mfalme anayenyang'anya kila chombo kizima, tundu ndo limekiokoa. Sisi ni Musa, hatuoni huyo mfalme. Mikindani hapo, vyombo viko hatua chache, vijana wa boti wote wakaitikia, na mwinjilisti akaongezea Ayubu, Mungu anamuuliza ulikua wapi nilipoweka misingi ya dunia. Kwa mara ya kwanza hao wawili wako timu moja.

Dada akaweka kikombe chini. "Maalim, shikamoo, naomba niulize. Kwenye mateso tunasema hatujui Mungu anataka nini, sababu zake zimetupita. Kwenye kaboni tulisema tunajua anataka nini, anataka nyota na viumbe, ndo maana tulizidisha. Tunajua au hatujui?"

Yani nilishika kichwa. Kwa sababu hoja zote mbili zinasimama juu ya kitu kimoja, kwamba tunaweza kusema mapema Mungu akiwepo angefanya nini. Ukisema tunajua, namba za ulimwengu zinakupa pointi ila mateso yanakunyang'anya. Ukisema hatujui, mateso hayakuumizi lakini na kaboni haikusaidii. Huruhusiwi kuwa Musa saa mbili na saa moja kabla ulikua Khidhri. Na dada hakumuacha mzee wa fizikia atoke anacheka, akamgeukia, mzee na wewe ulimwengu wako mwingi unaeleza kila kitu, nikikwambia kesho bahari ikauke utasema kuna ulimwengu ambao imekauka na ndo huu, sasa huo umesema nini?

Maalim alifikiri sana alafu akajibu kitu ambacho kwangu ndo jibu bora la upande wake: tunajua baadhi kwa sababu ametuambia, hatuanzi na Mungu mtupu wa wanafalsafa, tunaanza na Mungu wa Kitabu aliyesema ameumba kwa lengo na pia akasema mtajaribiwa kwa hofu na njaa na kupungukiwa mali na nafsi. Hivyo yote mawili tuliyatarajia. Dada akakubali hilo linabana maelezo, si lile la kuvutika kila upande, ila akasema ukikibeba Kitabu kizima kama sehemu ya maelezo yako basi na nafasi yako ya kuanzia inashuka, umesema mengi zaidi kwa hiyo una mengi zaidi ya kukosea, na kila kitu ulichosema inabidi ukilipie. Mwinjilisti hapo akakaa kimya maana na chake ni kirefu pia.

Mi ni muumini, sikuenda kutafuta imani kwenye dele la kahawa na sikuiacha pale. Ninavyoona mimi swali la dada halimuui mtu yeyote ila linapunguza makelele ya pande zote mbili. Hoja ya namba bado naipa uzito kidogo, si ule wa kumpigia mtu meza. Hoja ya mateso hivyo hivyo. Anayekuja na yoyote kati ya hizo akiwa na uhakika wa asilimia mia hajakaa karibu na huyo dada.

Malalamiko yangu kwa kijiwe ni kwamba wameipenda sana sheria yao mpaka wanataka kila hoja ipite humohumo. Kuna jioni kijana alileta ya Ibn Sina, yule mwanafalsafa wa Kiislam aliyefariki 1037, kwamba kila kitu tunachokiona kingeweza kisiwepo, na vitu vya namna hiyo hata uvirundike vyote pamoja bado vinahitaji kimoja ambacho haiwezekani kisiwepo. Watu wakaanza kumuuliza bei ya kuanzia ngapi, unategemea mara ngapi. Jamani hii si hoja ya kubahatisha kati ya maelezo mawili! Inadai kwamba lazima iwe hivyo. Ya kuijibu ni kuuliza kama ni lazima kweli kila kitu kiwe na sababu, ndicho Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza, alichokataa kwenye mdahalo wa redio BBC na padri Copleston mwaka 1948, yeye alisema ulimwengu upo tu na basi. Sasa hapo ndo pa kubishania, lakini kijana alizimwa kwa zana isiyo yake akaondoka na kashata yake mkononi. Maalim alijaribu kumrudisha, ikawa Isha.

Kingine, simu. Ruksa kuangalia mwaka au jina, marufuku kusoma hoja ya mtu mwingine toka kwenye kioo, ukitaka kuitumia uiseme kwa mdomo wako mpaka mzee wa kahawa aielewe. Naiunga mkono. Ila kuna mjomba mmoja, simtaji, anasema "nimesoma sehemu" kila dakika tano na hamna anayemkamata, hapo usimamizi umelegea. Na baada ya saa tatu kahawa inaongezwa maji, mzee tunajua, usitufanye hivyo.

Nyota nne. Ingekua tano kama dada angepata kiti. Nenda na chenji, elfu kumi hamna wa kukuvunjia. Fika kabla ya Magharibi kama unataka kashata za nazi, kaa mbali na lile benchi la mguu uliolegea, na kama umetoka Mtwara mjini ujue daladala za kurudi zinakata mapema, baada ya hapo ni bodaboda, patana kabla hujapanda.